Kanga ya Kompyuta

Jumatatu, 7 Machi 2005

Ndiyo, nilikwenda! Tena mapema, kabla jogoo wa jirani hajapata akili. Nuru asiniulize mara ya pili. Nilikwenda kituo cha afya, nikapanga foleni, na namba ya mama yake sikupata. Si kosa langu. Kosa la kompyuta.

Habari yenyewe hii. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Haoni sahani, haoni mlango. Ananiona mimi tu, sijui kwa jicho gani. Madaktari wa macho wanatoka Dar, wanaanza kupasua Jumanne ijayo. Asiye na namba iliyotoka kwenye kompyuta hapasuliwi, asubiri mwakani. Mke wangu Nuru yuko kwao Likombe tangu Idi Kubwa, anamshika mama yake mkono. Kaapa harudi kwangu Chikongola mpaka mama atembee mwenyewe. Nakula muhogo wa kuchemsha peke yangu. Jana umeungua. Wa kuchemsha! Sijui niliwezaje.

Dirishani yuko Dada Rozalia, mtu wa Songea. Mcheshi, roho safi, kichwa chujio. Kasahau neno la siri. Zamani alilibandika usoni mwa kompyuta, likawa linasomeka mpaka barabarani. Mtaalamu Elisha, yule kijana wa mkoani mwenye funguo nyingi kiunoni, kalibandua. Kaweka amri: neno liwe refu, libadilishwe kila mwezi, lisiandikwe kwenye karatasi. Ukikosea mara tatu mashine inajifunga yenyewe, mpaka aje mtu kutoka Dar kuifungua. Na barabara ya Dar wakati wa masika naijua, nimewahi kulala nayo. Ikijifunga, Rozalia anarudishwa kufua mashuka.

Rozalia kaogopa kujaribu. Foleni nzima tukarudishwa nyumbani, mimi na furushi langu la kanga begani. Nimefika sokoni akili ikawaka kama karabai. Karatasi imekatazwa. Kitambaa je?

Jumanne, 8 Machi

Nimemweleza Rozalia. Kanga ina maneno. Marefu. Haipotei, maana unaivaa. Mwezi ukiisha unabadili kanga. Kacheka mpaka kashika meza. Halafu kaacha kucheka, kaniuliza ipi.

Nikamchagulia hii: UKINIONA NACHEKA USIDHANI NIMESAHAU. Elisha kamfungulia mashine kwa neno lake la akiba, linalokubali mara moja tu mpaka Dar wampe jingine, kampa nafasi aweke neno jipya, kageuza uso kwa adabu. Akaliweka.

Kajifunga kiunoni. Akikaa, maneno yanakuja juu ya mapaja. Anainamisha macho, anabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayeonja chumvi. Mashine ikafunguka! Foleni ikapiga makofi.

Mchana Elisha karudi kukagua. Katafuta karatasi chini ya kibodi, nyuma ya mashine, ndani ya pipa la taka. Hakuna. Kamsifu Rozalia mbele za watu, kasema wengine waige. Mimi mvumbuzi nimesimama pale pale, mlinzi ananifukuza nisizibe mlango.

Jumatano, 9 Machi

Wameiga! Dirisha la dawa, maabara, wodi ya wazazi, wote wanataka kanga. Nimezunguka kituo kama bwana harusi.

Shida ndogo. Yule wa dirisha la dawa na yule wa maabara hawaongei. Wa dawa kachagua UTANUNA SANA MIMI NANENEPA. Kapita nayo mbele ya maabara mara nyingi, hana alichofuata huko. Wa maabara kaja kunivuta mkono, kataka jibu upesi. Nikampa UNENE SI AFYA. Sasa hiyo ni teknolojia au si teknolojia? Wote wawili mashine zao zinafunguka.

Nimekaa nikawaza. Kila mwezi kanga mpya, kila ofisi. Posta. Bandari. Mahakama! Mimi, darasa la nne nusu, mlinzi wa siri za serikali kuanzia Mikindani hadi Msimbati.

Jioni Nuru katuma salamu kwa mpwa wake: namba ya mama iko wapi? Lo! Siku nzima niko kituoni, na namba nimesahau kuomba. Nimejibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Sikusema mambo ya nani.

Ijumaa, 11 Machi

Balaa limeingia, tena limeingia na wateja.

Kwanza, foleni imejua kusoma. Jana Rozalia kakwama katikati ya neno, bibi mmoja mbele kamsaidia: "Usidhani, mwanangu, usidhani! Sasa malizia nimesahau." Leo foleni nzima inaitikia kwa pamoja kama madrasa. Rozalia anabonyeza, wao wanaimba.

Pili, Selemani. Huyu anauza kanga upande wa pili wa soko, chini ya mwamvuli wa soda, na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe tangu azaliwe. Katafuta kanga ile ile, anapiga kelele: "Kanga ya kompyuta! Vaa ufungue!" Nusu ya Chikongola wamenunua. Kwake! Si kwangu!

Wengine wamefungua kweli. Rozalia alipokwenda kunywa chai, mama mmoja, mke mkubwa, kaingia akakaa kitini. Kasoma mapaja yake mwenyewe, kabonyeza, kamtafuta mke mwenzie ajue kama ana mimba ya kweli au tumbo la korosho. Alichosoma sijui, ila alitoka anaimba. Na fundi baiskeli wa mtaa wetu, sasa watu wote wanajua kwa nini anakaa upande upande.

Elisha kaja, kakuta foleni imevaa sare. Kauliza kwa furaha nani anaoa. Bibi yule yule kamweleza vizuri, kwa upole, na neno lenyewe akamsomea. Elisha kakaa chini. Sakafuni. Na suruali yake nyeupe.

Nilikwenda kumlalamikia Rozalia kuhusu Selemani. Nikamkuta analia. Anasema watu wanamnong'oneza magonjwa yao pale dirishani, wengine hata wake zao hawajawaambia. Leo yanasemwa sokoni. Nimempa leso. Sikumwambia ni ya kuuza.

Jumamosi, 12 Machi

Elisha katoa amri ya mwisho. Rozalia aweke neno jipya leo leo, ambalo Mtwara nzima hakuna aliye nalo. Balaa jingine likitokea, mashuka. Na namba za macho kazisimamisha mpaka Jumatatu, ndiyo siku ya mwisho ya kuzitoa.

Rozalia kanifuata sokoni. "Fadhili, umenivika balaa, nivue!"

Nikafikiri. Kanga ambayo Selemani hana, wala hataipata. Nikakumbuka sanduku la Nuru! Mle ndani mna kanga aliyopewa na mama yake siku ya harusi yetu. Pindo jekundu, mchoro wa korosho, ya zamani, dukani sijaiona tena. Maneno yake sijui. Siku ile macho yangu yalikuwa kwenye pilau.

Nimeipeleka imekunjwa, ndani ya gazeti. Nikamwambia Rozalia asinionyeshe, nami nikageukia ukutani. Usalama! Kaliweka neno, kacheka peke yake, kasema hili hatalisahau, fupi kuliko la kwanza na lina mke ndani. Nikamfunga mdomo asiendelee. Nimeirudisha kanga sandukuni. Hata mimi mwenyewe sijui siri. Mwizi akinikamata leo ataniachia kwa huruma.

Jumapili, 13 Machi

Nuru kaja kuchukua nguo. Kafungua sanduku, kanusa. Kanga ya mama yake inanuka dawa ya kupigia deki hospitali. Kauliza mwanamke gani kaivaa.

Nimesema hakuna mwanamke, ilivaliwa na kompyuta.

Jibu baya. Naliona sasa.

Kapakia sanduku zima kwenye baiskeli ya kukodi. Kasema kesho atampeleka mama foleni mwenyewe, maana mume hana. Namba isipopatikana, Likombe nisikanyage, na sanduku lisirudi. Nimeisindikiza baiskeli mpaka njia panda, naongea mimi tu. Mwenye baiskeli ndiye aliyenionea huruma, kaniambia pole kaka.

Muhogo wa leo haukuiva. Nimeula hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Machi

Leo naandika yote, wazi.

Nimefika, foleni hadi getini. Wazee wa macho wameshikwa mikono. Nuru yuko mbele na mama yake, hanitazami. Elisha kasimama nyuma ya Rozalia, mikono kifuani. Rozalia kaweka vidole kwenye kibodi. Kanitazama. Nikaujua ule uso.

Kasahau!

Kanong'ona kwamba anakumbuka mke. Kajaribu moja. Mashine ikakataa. Kajaribu nyingine, mke akiwa mwishoni. Ikakataa. Imebaki moja. Ikikataa hiyo, hakuna namba, madaktari watapasua wa wilaya nyingine warudi zao Dar. Rozalia jasho. Elisha jasho. Rozalia kaniuliza mimi kanga iko wapi. Nikasema Likombe, sandukuni, na ufunguo anao mke wangu, na mke wangu haongei nami.

Nuru kageuka. Kauliza taratibu: kwa hiyo ilivaliwa na kompyuta kweli? Nikasema wallahi. Kabana mdomo, mabega yanamcheza.

Ndipo mama mkwe akauliza kwa sauti, kanga gani hiyo. Rozalia kaeleza: pindo jekundu, mchoro wa korosho.

"Hiyo yangu," akasema. "Nimeinunua Mikindani mwenyewe, nikaichagua kwa ajili ya huyu mkwe. Kumbe hajaisoma?"

Nuru kasema hajaisoma, mama.

"Miaka yote hii? Basi leo namsomea."

Kasimama, kashika bega la Nuru, kanyoosha kidole. Alinyooshea nguzo ya mlango, akidhani ni mimi. Nikasogea nikasimama mbele ya nguzo, adabu ni adabu. Akatamka polepole kila mtu asikie:

"NIMEKUPA MKE SIKUKUPA MTAJI."

Yallah! Foleni iliangukiana. Vipofu, wenye malaria, mama mwenye mtoto mgongoni, wote. Mlinzi kaegemea geti. Rozalia anabonyeza huku machozi ya kicheko yanadondoka kwenye kibodi, kidole kimoja, herufi moja moja. Kafika mwisho. Kicheko kikakatika.

Ikafunguka.

Namba ya mama ilitoka ya kwanza. Kaishika mkononi, kaipapasa, kaniita. Kasema neno moja tu: "Umesikia?" Nikasema nimesikia, mama. Shikamoo. Sijui kwa nini niliongeza shikamoo.

Elisha kangoja namba zote zitoke, halafu kabadilisha neno mwenyewe. Kamkalisha Rozalia, kamfundisha kulitunga kwa majina ya ndugu zake na mwaka wa mafuriko kwao, vitu asivyovaa. Kanga dirishani marufuku. Rozalia kabaki na kazi. Nadhani Elisha hataki kueleza mkoani kwamba ndiye aliyesema wengine waige.

Jumapili, 20 Machi

Mama mkwe anaona! Jicho moja kwanza, la pili wakirudi. Alhamisi walifungua bandeji, mtu wa kwanza kumwona ni mimi. Kanitazama sana. Kasema alinikumbuka mrefu zaidi.

Lakini ametembea mwenyewe mpaka barabarani, kamkwepa mbuzi bila kuambiwa. Nuru kalia. Jana sanduku limerudi Chikongola na mwenyewe. Leo nimekula wali wa nazi na samaki. Nimeapa mbele ya mke wangu: siri za watu sizigusi tena. Kanga nitauza kwa kuvaa tu. Nimeapa na nimeshiba.

Ila.

Benki wameanza kutoa kadi za kuchukulia hela ukutani. Kila mtu anapewa namba nne za siri. Nimesimama pale nje asubuhi moja tu, nimeona mwalimu mzima anakuna kichwa, mashine inammezea kadi. Kasahau! Naye kasoma mpaka chuo! Roho iliniuma.

Sasa, kanga hapana. Nimejifunza. Kanga kosa lake ni kukaa mbele, mwenyewe anaiona na watu wanaiona. Mimi nimefikiria fulana za mpira. Namba mgongoni! Nani atashangaa fulana ya mpira kuwa na namba? Na mgongo wako huwezi kuuona, kwa hiyo hata ukilazimishwa na jambazi huwezi kusema. Ukitaka hela unamuuliza tu aliye nyuma yako kwenye foleni.

Wewe uliyefungua daftari hili bila hodi, sigombi, karibu. Tufanye hivi. Nuru usimwambie. Niletee namba zako nne, uchague na rangi ya timu, nami nakushonea kwa uzi usiochuja. Ukija na namba za mkeo, ya kwake nashona bure.