Haji Hali Mpaka Niulize

Jumapili, 3 Novemba. Kozhikode.

Nimesema uongo mmoja tu. Mdogo. Asubuhi dukani Haji Alavi alituuliza sisi wauzaji wake nani anajua Kihindi. Huku kwetu kusini mwa India hakisemwi, lakini anakwenda Lucknow, kaskazini, kununua vitambaa vya kutariziwa, na anataka mtu wa kumsaidia huko. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikamwambia Haji kwamba Kihindi kwangu ni maji ya kunywa. Wenzangu wakakohoa. Wivu!

Ningefanyaje? Haji anakwenda na mkewe Bi Nabeesa na binti yao Suhara. Suhara! Posa yangu niliipeleka mwezi uliopita. Haji hakukataa wala hakukubali, alisema jibu atalitoa baada ya safari hii. Na kuna posa ya pili, ya Jaseem, mtoto wa dada yake Bi Nabeesa, anayesomea sheria hukohuko Lucknow. Jaseem ana manukato, ana tai, na ana Kihindi cha kweli. Mimi sina kitu. Basi nitakipata hicho Kihindi. Safari ni Ijumaa.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata mwalimu! Mushtak, mtu wa Bihar hukohuko kaskazini, anayekaanga chapati kwenye hoteli ya pembeni ya duka letu. Nilimwambia anifundishe Kihindi chote kabla ya Ijumaa. Alicheka mpaka akamwaga unga. Akaniuliza nakitaka kwa kazi gani hasa.

Hapo nikatumia akili. Wenye maduka makubwa ya vitambaa wanajua Kiingereza, kwa hiyo dukani sina kazi. Lakini Haji hagusi nyama ya mtu asiyemjua mpaka iulizwe kama ni halali. Aliuliza hata kwenye harusi ya shemeji yake, mbele ya bwana harusi. Kwa hiyo kazi yangu itakuwa mezani, na mezani sentensi moja inatosha. "Kya yeh gosht halal hai?" Basi! Nimeisema nikioga. Nimeisema nikipanda ngazi. Nimeisema nikipima kitambaa, na mteja mmoja akaondoka bila kununua. Mushtak alitaka kunifundisha na majibu. Nikamwambia majibu ni kazi ya wenye hoteli.

Jumatatu, 11 Novemba. Lucknow.

Baridi! Nimevaa mashati mawili na bado natetemeka. Kwenye treni sikuwa na kazi, tulikula chakula cha Bi Nabeesa njia nzima. Mtihani umekuja leo jioni, mtaa wa Chowk, kwa Mzee Barkatullah muuza kababu.

Mzee ana ndevu nyeupe hadi kifuani. Kofia kichwani, aya ukutani, msikiti mlango wa pili. Mtu yeyote mwenye macho angenawa mikono akala. Haji akakunja mikono yake. Akasema, "Haya Beeran, hebu tuulizie."

Nikasimama. Nikaitoa sentensi kwa sauti ya kufika barabarani. Wateja wakaacha kutafuna. Mzee Barkatullah akaweka kiganja kifuani, akaanza kusema. Akasema, akasema. Akaonyesha aya. Akaonyesha ndevu zake. Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akanionyesha kaka yake, kisu cha kaka yake na picha ya babu yao. Machozi yalimlenga. Mimi nikaitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi. Niliporudi mezani Haji akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema ndiyo. Haji akashangaa, maneno yote yale ni ndiyo tu? Nikamweleza kwamba Kihindi ni lugha ndefu.

Na sahani zikaja! Ambazo hata hatukuagiza! Kababu laini zinazoisha kabla meno hayajafika, mikate ya zafarani, mchuzi wa miguu ya mbuzi, wali mtamu. Mzee mwenyewe alisimama nyuma ya Haji akimhimiza ale. Pesa akakataa katakata. Ni wazi Kihindi changu kimemgusa. Suhara alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa fahari.

Jumatano, 13 Novemba

Mwenye duka la vitambaa anajua Kiingereza, kama nilivyokadiria. Sikosei mara nyingi.

Mchana nikachagua mimi pa kula, mtaa wa Hazratganj. Mahali safi, watu wamejaa na watoto wao, vyombo vinang'aa. Mlangoni kuna kibao cha kijani chenye maandishi makubwa ya Kihindi. Kusoma Kihindi sijui, lakini herufi zilikuwa nzuri. Suhara alikitazama kibao, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nina hakika na mahali hapa. Nikamwambia awe na amani, yuko na mwenyeji.

Nikamwendea bwana wa kaunta. Sentensi ilitoka vizuri kuliko ya Jumatatu. Bibi wa meza ya jirani akaweka kijiko chini. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Bwana wa kaunta akaunganisha viganja, akafumba macho, akasema maneno machache polepole, kama mtu anayejizuia asirushe kiti. Huo haukuwa uso wa ndiyo. Nikarudi nikamwambia Haji nyama imekwisha. Akauliza imekwisha lini. Nikasema sasa hivi, tumeikosa kidogo tu. Tukala jibini ndani ya mchicha. Tamu sana! Lakini Haji alipaliwa kila aliponitazama. Baridi ya huku haimfai.

Alhamisi, 14 Novemba

Amekuja. Jaseem. Na keki! Tena yenye jina la Bi Nabeesa juu yake. Amebishana na dereva wa teksi kwa Kihindi, na dereva akashusha nauli huku anacheka. Bi Nabeesa akasema huyo ndiye mtu wa kusafiri naye. Jaseem ameniuliza, mbele ya Suhara, nilisomea wapi Kihindi changu. Nikamjibu kwamba ni cha ndani kabisa, hakisomwi darasani.

Anataka kutupeleka kwenye hoteli kubwa kesho jioni. Nikamvuta pembeni nikamwambia Haji ameahirisha mpaka Jumamosi. Mpango mzuri sana. Kumbe tayari amepanga kila kitu na Bi Nabeesa.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku mbaya. Naandika nikiwa na viatu kitandani.

Hoteli ya Jaseem ina taa za vioo na vitambaa vya mezani vinavyofika sakafuni. Jaseem alifika kabla yetu, amekaa karibu na Haji. Haji akatutazama wote wawili akasema, "Haya vijana, ulizeni." Ulizeni! Jaseem akainama akamnong'oneza kwamba mahali pa hadhi kama hapa mtu haulizi, tutaonekana washamba. Nafasi yangu hiyo! Nikasimama, nikauliza kwa sauti, hata wazungu wa meza ya dirishani wakageuka. Jaseem akajificha nyuma ya menyu.

Mhudumu mwenye kilemba akaomba radhi, akaenda jikoni, akarudi. Akaeleza kwa sauti ya chini, uso wenye huzuni. Nikawaza haraka. Jumatatu mzee alitokwa na machozi, na nyama ilikuwa halali. Kwa hiyo huzuni hapa Lucknow ni adabu tu. Nikatangaza: "Halali kabisa, Haji! Kula bila wasiwasi!"

Haji akafunga menyu. Akasema ana hamu ya dengu. Suhara naye akataka dengu. Bi Nabeesa anachukia dengu tangu azaliwe, akaletewa dengu. Mimi niliagiza kuku wa siagi. Aliponukia tu mbele yangu, Haji akaivuta ile sahani, akanisogezea dengu. Mbele ya watu, kama mtoto! Jaseem akamaliza kuku wake, akafuta bakuli kwa mkate, akasema jiko lile halina mfano mji mzima.

Nimeumia jamani. Haji ameshachagua. Suhara, kwaheri.

Jumamosi, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi!

Asubuhi Haji aliniita juu ya paa la nyumba ya wageni, tunywe chai. Akaniambia neno, sikulielewa. Akalirudia. Nikatabasamu. Kumbe ameniuliza kwa Kihindi kama nimelala vizuri.

Haji anajua Kihindi! Aliendesha lori Dammam, Arabuni, miaka mingi, na chumba kimoja alikaa na mtu wa Lucknow. Suhara alikisoma shule. Asiyejua ni Bi Nabeesa peke yake. Na mimi.

Akanifasiria yote, taratibu, huku akinimiminia chai. Mzee Barkatullah alisema ukoo wao unachinja kwa bismillahi tangu enzi za babu, kwamba hajawahi kuulizwa swali lile na Muislamu mwenzake, na kama mgeni bado ana shaka atafunga duka leo hii, lakini kwanza mgeni ale ashibe. Jumanne Haji alirudi peke yake kumwomba radhi. Bwana wa kaunta alisema pale ni mahali pa mboga tupu, hata yai halijawahi kuvuka mlango, na anamwomba Mungu anisamehe. Na yule mhudumu wa jana alisema kuku wao huletwa amegandishwa, hajui amechinjwaje, na asingependa kutudanganya.

Nikaiomba ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini basi alinileta. Akasema alitaka kuona ninavyodanganya. "Unadanganya vibaya mno," akasema. "Binti yangu hatapata taabu kukugundua."

Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Wewe jibu hulijui, ila unauliza. Mwenzako jibu alilisikia vizuri, akala."

Posa imekubaliwa!! Kwa sharti moja, kwamba nisidai tena kujua lugha nisiyoijua. Nikaahidi. Nikambusu mkono, chai ikamwagika, nikaahidi tena. Suhara akatokea nyuma ya matangi ya maji, alikuwa amesikia kila kitu. Akasema tangu Jumatatu mbavu zinamuuma kwa kucheka, na anataka ziendelee kumuuma. Nina furaha mpaka naogopa. Nimekuwa mtu mpya. Uongo nimeuacha leo, hapahapa juu ya paa.

Jumapili, 24 Novemba. Kozhikode.

Uchumba wetu umetangazwa leo. Biriani, watu, kelele, mama yangu analia na kucheka. Jaseem ametuma ujumbe wa pongezi. Mfupi.

Baada ya kula, Haji akatangaza kwamba harusi ikiisha tutakwenda wote Istanbul kutazama vitambaa vya huko. Ndugu yake akauliza nani atatusemea Kituruki. Nikasikia sauti inasema, "Kituruki? Mimi nakijua tangu utotoni!" Nikatafuta ni nani huyo. Nilikuwa mimi. Haji akainamisha kichwa juu ya sahani. Suhara akashika mbavu.

Hakuna la kuhofia. Mturuki sijampata mji mzima, lakini hospitalini nimempata bwana mmoja wa Yemen aliyekuja kutibiwa goti, na kwao si mbali sana na Uturuki. Amekubali kunifundisha akiwa kitandani. Leo tumeanza na namba. Wahid, ithnain, thalatha. Nilikuwa nazijua zote! Tangu madrasa! Kumbe Haji sikumdanganya hata kidogo.