Udongo Uliokaidi Amri ya Halmashauri

Halmashauri ya Zandervelde inautangazia umma kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya mkoa wetu wa Drenthe hapa Uholanzi, udongo umepewa amri rasmi. Amri yenyewe ni fupi: udongo wote ulioko chini na kati ya paneli za sola urudi ulivyokuwa. Mimi, Hindrik Lubbers, Naibu Mkuu wa Kitengo cha Uotaji Ulioidhinishwa, ndimi niliyeiandika, na ieleweke tangu mwanzo kwamba sarufi yake haina dosari.

Kosa lilikuwa la mimea. Miaka kadhaa nyuma, mjane mmoja aitwaye Geesje Hoving alilikodisha shamba lake la viazi kwa kampuni ya umeme wa jua. Makubaliano, ambayo halmashauri iliyasimamia, yalitaka ardhi irudishwe katika hali ileile iliyopokelewa. Na ilipokelewa katika hali nzuri sana, kwa macho ya ofisi. Ilikuwa imelimwa viazi mpaka ikachoka, ikapigwa dawa, ikashindiliwa na matrekta. Mchanga mtupu. Hakuna kilichoota bila ruhusa.

Paneli ziliposimama, kilimo kikakoma, na udongo ukaanza kujiamulia. Kwenye kivuli cha paneli kulibaki ubaridi na unyevu, nyasi chache tu zikajikongoja. Pale mvua inapochuruzika kutoka ukingoni, maji yalichimba vijifereji. Lakini katikati ya safu, ambako kondoo wa Geesje walikula na kunya kwa uhuru, yaliibuka maua ambayo hayajawahi kuonekana ofisini kuomba kibali. Wataalamu wetu wakachimba shimo. Wakakuta minyoo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Wubbo Tillema, alipoletewa habari hizo alishika kichwa.

"Hindrik, hii ardhi imekuwa bora."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Makubaliano yanasema nini kuhusu kuwa bora?"

"Hayasemi kitu, Mkurugenzi."

"Basi huo ni ukiukwaji."

Ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Urejeshaji wa Uchakavu. Kondoo waondolewe, maua yafyekwe, udongo wa juu ukwanguliwe, kisha trekta zito lipite juu yake mpaka ardhi ikubali yaishe. Minyoo ingepewa muda wa kutosha kuhama.

Nilitumwa kumweleza Geesje. Nilimkuta uani, amembana kondoo magotini akimpunguza kwato. Hakuinuka.

"We Hindrik, mtoto wa Trijntje. Mama yako anajua unafanya kazi gani?"

"Anajua kwa muhtasari, Mama Geesje."

"Haya, sema. Tena useme kama mtu."

"Shamba lako limekumbwa na ustawi usiokusudiwa."

"Yaani limepona."

"Ofisini tunaliepuka neno hilo."

Nilimweleza habari za trekta. Alimwachia kondoo, akasimama taratibu akijifuta mikono kwenye aproni. Sauti yake ikashuka.

"Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananibeba mabegani kupita pale. Maua kila mahali. Mimi na marehemu mume wangu Jan ndio tuliolimaliza, viazi mwaka hadi mwaka, maana kila mtu alifanya hivyo na watoto walitaka kula. Sikutegemea kuliona hai tena. Halafu wewe unaniletea trekta?"

Nilitafuta jibu lenye kumbukumbu namba. Nilimjulisha kwamba anaruhusiwa kutoa maoni baada ya utekelezaji.

"Mwambie Tillema wako aje aanze mwenyewe. Asijifiche nyuma ya suruali yako."

Mkurugenzi aliupokea mwaliko huo kwa furaha, kwa sababu hutoka vizuri kwenye picha. Siku ya uzinduzi alifika na buti mpya na mwandishi wa gazeti. Akatembea mpaka katikati ya maua, akainua mashine ya kufyekea, akatabasamu kuelekea kwenye kamera.

Hapo gari dogo jeupe likasimama getini. Akashuka dada mmoja, Aaltje Nijboer, mkaguzi wa mimea wa mkoa. Geesje alikuwa amempigia simu, na dada huyo alikuwa ameshalikagua shamba kimyakimya.

"Hayo ya zambarau ni okidi za mwituni," alitangaza. "Zinalindwa. Kuanzia sasa hapa ni hifadhi, hakuna kukanyaga."

"Sawa, sawa," Mkurugenzi alisema, akainua mguu ili atoke.

"Simama hapohapo!"

Aliyepiga kelele nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeikumbuka sheria ndogo ya hifadhi, aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe ili kumnasa mpinzani wake aliyependa kupita njia za mkato. Kila hatua ndani ya hifadhi ni kosa linalojitegemea, na mtumishi wa halmashauri akipatikana nalo, kazi hana.

"Hindrik, acha upuuzi."

"Mkurugenzi, mpaka getini utakuwa umefukuzwa kazi mara nyingi mno."

Aliurudisha mguu palepale ulipotoka.

Kikao cha dharura kilikaa kando ya uzio. Jua likawaka. Geesje alimpelekea mkate wa jibini na mtindi kwenye ndoo aliyoining'iniza kwenye ncha ya mti mrefu. Kondoo mmoja akaja kumtafuna pindo la suruali.

"Mbona hawa wanakanyaga?" Mkurugenzi alilalamika.

"Hawajaajiriwa na halmashauri," nilimfafanulia.

Jioni ilipokaribia, Aaltje aliisoma tena sheria ile na kugundua upenyo. Mtunza hifadhi anaruhusiwa kutembea humo. Lakini mtunza huteuliwa na mwenye ardhi, na utumishi wake hauwezi kupungua mwaka mmoja.

Wote tukamgeukia Geesje. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Kwanza trekta," alisema.

"Nimelifuta!" Mkurugenzi alipiga kelele.

"Na kondoo?"

"Wabaki! Mama, miguu inaniuma!"

"Mwandishi, umeandika?" Mwandishi akaitikia kwa kichwa. "Haya, Wubbo, nimekuajiri. Jumamosi asubuhi, mapema, uje uzibe ile mifereji ya mvua. Na vua hayo mabuti, unakanyaga kama trekta."

Alitaka kubisha. Akamtazama Geesje, akamtazama mwandishi, akainama akavua. Alikuja getini peku, mabuti mkononi, akichagua pa kukanyaga kama mtu anayepita kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Karibu na mwisho alisimama na kutazama vidole vyake vilivyozama kwenye nyasi.

"Ni laini," alisema, kama anayelalamika.

"Ndiyo," Geesje alimjibu. "Umechelewa kujua. Jumamosi usichelewe."