Kaimu wa Damu

Kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, uliobandikwa mlangoni mwa maabara saa mbili kamili asubuhi, kiongozi yeyote aliyepandikizwa kiungo, na ambaye majukumu yake mazito hayampi nafasi ya kuja kupimwa, ataruhusiwa kutolewa damu kupitia kaimu wake. Matokeo ya kaimu yatahesabika kuwa matokeo ya kiongozi. Kiongozi wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeutia saini waraka: Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uchunguzi.

Mama Vichupa, mtaalamu wa maabara mwenye miaka kumi na tisa ya kushika damu za watu, aliusoma mara mbili. Mkurugenzi alikuwa na miezi miwili tangu apandikizwe figo aliyopewa na dada yake. Dawa za kuufanya mwili uipokee figo ya mtu mwingine hulegeza kinga. Kinga ikilegea, virusi vilivyojilalia mwilini miaka yote huamka. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki. Lakini waraka ni waraka, na Mama Vichupa alikuwa na watoto shuleni.

Jumatatu akaja Kaimu, pande la mtu, mcheza mpira wa kila jioni. Akakunja shati.

"Mkono upi ndio rasmi?"

"Wowote, bosi," alijibu Mama Vichupa. "Yote inakaimu."

Virusi: hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Wiki ya tano Kamati ya Pongezi ilikaa siku mbili ikaamua kwamba Mkurugenzi akatiwe keki, kwa kuwa hakuna mgonjwa wa figo aliyewahi kuwa mzima kiasi kile. Mama Vichupa alimwona akikata keki hiyo huku jasho linamchuruzika, na kiyoyozi kinavuma. Akamsogelea.

"Mzee, naomba kidogo na ya kwako. Kichupa kimoja tu."

"Mama, matokeo yangu si umeyaona?"

"Nimeyaona. Mazuri mno, mzee."

"Sasa unataka kuniharibia takwimu?"

Alirudi maabara akijichukia. Kisha akafungua faili la mtoa figo, akapiga simu.

Dada mtu hakubisha hodi. Alimkuta mdogo wake ofisini ameinamia meza, homa imempanda, anasahihisha hotuba kuhusu afya yake. Akamkokota mpaka maabara, ambako Mkurugenzi aliikuta foleni, akaishangaa.

"Hakuna mtu wa kukaa hapa kwa niaba yangu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe," alisema dada, "siku ya kuchukua figo yangu ulituma kaimu? Toa mkono!"

Akautoa. Mashine ilipoleta jibu, Mama Vichupa alizifuata tarakimu kwa kidole, asije akaruka moja. Virusi vilikuwa vimeshafungua mkutano mkuu. Dawa ikaanza siku hiyo hiyo, na figo ikanusurika, lakini kwa tabu.

Baada ya wiki sita Mkurugenzi alirudi kazini, akamkuta Kaimu kwenye kiti chake. Bodi ilikuwa imeketi, ikapitia nyaraka zote. Kanuni zilitaka Mkurugenzi mwenye afya njema. Majalada yalionyesha matokeo matano safi ya Mkurugenzi, na Waraka Namba Tisa haukuacha shaka: mwenye damu ile ndiye. Huyu mwingine, aliyelazwa wiki sita na virusi, bila shaka alikuwa msaidizi. Bodi ikampa barua ya kuthibitishwa: Kaimu Mkurugenzi. Alipouliza waraka huo nani ameuandika, walimwonyesha saini yake.

Jukumu la kwanza kwenye barua lilikuwa kumwakilisha Mkurugenzi maabara, kila Jumatatu, bila kukosa.

Jumatatu hiyo alifika kabla mlango haujafunguliwa. Zamu yake ilipofika akakaa, akakunja shati taratibu.

"Mkono upi ndio rasmi?"

Mama Vichupa akachukua kichupa.

"Wako, mzee," alisema.