Maji Yale Yale

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimechimba shimo kwa Bi Bahiya, kule Madale. Shimo la fauntini, yale maji ya kuruka ya kupendezesha macho. Binti yake Manal anaolewa Jumamosi, picha atapigia hapo. Fundi ni Leodegar. Mie kibarua tu. Leodegar ananiita Mzee Sururu.

Jioni Bi Bahiya kanipa roli la bomba la plastiki lililobaki, limeviringwa. Jeusi, refu. Linatosha kutoka kwa jirani yetu Mauwa mpaka uani kwangu Kiwalani. Nimelibeba begani kama nimeshinda ubingwa.

Avelina kafurahi. Mwanangu huyu kaja kujifungulia nyumbani, mimba miezi minane, na maji anachota kwa Mauwa. Kama mama yake. Marietha kachota hapo miaka tisa mpaka anafariki. Kila mwaka nilimwambia nafunga bomba. Nilikuwaga na mambo mengi. Sikumbuki hata moja.

Nimesema Jumapili nafunga. Mauwa kakubali niunge kwake. Kauliza Jumapili ya mwaka gani.

Jumanne, 5 Agosti

Leodegar kaleta pampu ndogo kama birika. Nikamuuliza maji mapya yanaingilia wapi. Kasema hakuna mapya. Maji ni yale yale, yanazunguka. Pampu inayavuta chini, inayarusha juu.

Nikaona hapo pana mwanya. Nikamfuata Bi Bahiya. Nikamwambia huyu fundi anakupiga. Bibi harusi apigwe picha na maji yaliyokwisha kutumika? Mie nitakupa mapya muda wote, kutoka tanki lako la pale juu kilimani, bila umeme. Nikaapa. Kafikiria. Kasema haya, ila ukiniaibisha, Lusungu, tusionane tena.

Leodegar kaifunga pampu yake kwenye kitambaa. Kasema tanki lina mwisho, mzee. Nikamjibu hata mdomo una mwisho, ila wako bado haujafika.

Jumatano, 6 Agosti

Kutoka tanki mpaka shimoni ni mbali. Nimeomba bomba. Bi Bahiya kasema bomba si alishanipa. Kweli.

Nimelichukua lile langu asubuhi, Avelina akiwa kwa Mauwa na ndoo. Nilijua ni makosa wakati nalibeba. Lakini nikishakuwa fundi nitanunua lingine, zuri zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelikata vipandevipande. Kona nyingi, na ncha sita za kurushia. Jioni nikafungua koki. Maji yakaruka mpaka kifuani! Manal kapiga makofi. Bi Bahiya kaniita fundi. Fundi Lusungu. Nikatamani Marietha asikie. Halafu nikakumbuka angeuliza bomba lake liko wapi.

Avelina kauliza roli liko wapi. Nimesema nimeliazimisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilifungua saa moja asubuhi, ili maji yazoee. Yakaruka vizuri, yakashuka mtaroni, yakaenda zake. Boza la maji lilijaza tanki jana. Sikujua kwamba tanki ndio hilo hilo la jikoni na la vyoo.

Nilijua. Sikupiga hesabu.

Adhuhuri wanaume wakataka kutia udhu. Bomba kavu. Wapishi na masufuria yao ya biriani, bomba kavu. Fauntini peke yake ndio ilikuwa bado inadondoka. Babu yake bibi harusi, Mzee Matar, akachota maji ya udhu humo kwa kopo la rangi. Akanishukuru. Yeye tu.

Manal akaja kusimama na gauni lake. Fauntini ikakohoa, ikatema tope, ikanyamaza. Tope likalifikia gauni.

Bi Bahiya hakupiga kelele. Kasema tu, "Lusungu, mwanangu anaolewa mara moja."

Leodegar akapigiwa simu, akaja na bajaji, pampu kwenye kitambaa. Kaomba ndoo kumi tu, zikatoka kwa jirani. Maji yakazunguka mpaka jioni, yale yale. Picha zikapigwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakunicheka. Bora angenicheka.

Jumapili, 10 Agosti

Vipande nimerudi navyo kwenye kiroba. Kirefu kuliko vyote kinanifika kiunoni. Avelina kavitazama. Kachukua ndoo, kaenda kwa Mauwa.

Nikasikia Mauwa anamuuliza bomba vipi, na leo ndio Jumapili yenyewe. Akamjibu, "Baba anafunga wiki ijayo, mama." Sauti ya Marietha kabisa. Naye alikuwaga ananitetea hivyo hivyo, ndoo kichwani. Nimekaa mlangoni nimelia kidogo.

Halafu nikavimwaga vile vipande chini, nikavipanga. Kwa bomba ni vifupi. Kwa fauntini ndogo, hapa mlangoni, vinatosha na kubaki. Mjukuu azaliwe akute maji yanaruka. Na Leodegar kanifundisha bila kujua: maji ni yale yale, yanazunguka. Ndoo kumi tu.

Kesho nachimba. Avelina akirudi nitamwambia aanze kuchota hizo kumi.