Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Sare arobaini za wauguzi, na Fundi Mkuu kakata kitambaa mwenyewe. Akainua ya kwanza, akauliza tunaionaje. Kipara akasema nzuri. Mama Vifungo akasema nzuri sana. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema mikono yote miwili ni ya kushoto. Mkuu akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaona. Nikasema iko sawa kabisa, tena nikaongeza kwamba Shemeji anahitaji miwani. Nani alinituma?

Jumanne, 5 Machi
Mkuu kaitisha kikao. Anayetaka Shemeji atolewe kwenye meza ya kukatia, apelekwe kupiga pasi, anyooshe mkono. Miaka tisa yuko kwenye meza ile! Nilikuwa na mbinu: kuinua mkono hadi sikioni tu. Mkuu ataona kura, Shemeji ataona najikuna. Mkuu akatangaza kwamba hata anayejikuna anahesabiwa. Shemeji alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani mke wangu alikuwa na habari zote. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaniachia chakula nile peke yangu. Sikumaliza.

Jumatano, 6 Machi
Nimewafuata wenzangu mmoja mmoja pale bombani. Ajabu! Wote sita waliiona ile mikono. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini karakana nzima tunatumia kichwa cha Mkuu.

Tumekubaliana. Kesho mimi nitasimama niseme napinga Shemeji kuondolewa mezani, wao wataniunga mkono. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Napinga, Mkuu!" Ngumi juu. Napendeza.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu. Aibu tupu.

Mkuu kaingia amenywea. Kumbe muuguzi mkuu alipita mapema kujaribu sare yake, mkono wa kulia ukagoma. Mkuu akakiri kosa, akamwomba Shemeji radhi mbele yetu, akapendekeza arudi kwenye meza yake leo hii. Kuna anayepinga?

Lile neno "anayepinga" lilinifyatua. Nikaruka. "Napinga, Mkuu!" Ngumi juu.

Nikageuka nyuma nijirekebishe. Nikakuta mikono sita imenyooshwa. Watu wa ahadi! Mkuu akatikisa kichwa, akasema wengi wape, Shemeji abaki kwenye pasi. Nilifungua mdomo kueleza. Mama Vifungo akanipigapiga mgongoni, akaninong'oneza kwamba leo nimeonyesha uanaume. Kipara akanipa mkono. Nikakaa. Na Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilijisikia vizuri.

Shemeji alichukua pasi, akaanza na shati langu la kazi.

Ijumaa, 8 Machi
Sikulala kwa kusutwa na moyo. Mke wangu kasema nikaseme ukweli mbele ya Mkuu, ama niende nikaishi na hao wenzangu. Ana haki. Mimi ni bendera fuata upepo, na nimechoka.

Basi nimeapa. Jumatatu nitasimama peke yangu, niseme tulikosea, Shemeji arudishiwe meza yake. Sitajali mtu atasema nini.

Nimewauliza wenzangu wanaonaje mimi nikisimama peke yangu. Wanne wamesema ni wazo zuri. Nasubiri wawili waliobaki.