Sauti Yangu Katika King'ora cha Mtaa wa Chini

Jumatatu, 3 Machi
Kituo cha tahadhari ya tsunami kinatafuta sauti! Tangazo limebandikwa mlangoni mwa posta. Sauti ya kurekodi na kuweka kwenye ving'ora vyote vya pwani, ili siku bahari ikicharuka watu wapande mlimani. Mimi ni mshereheshaji wa harusi tangu sijaota ndevu. Nimewahi kumliza bwana harusi ambaye hata kuoa hakutaka. Kazi ni yangu. Mke wangu kasema nisianze. Sijaanza. Nimeshamaliza.

Jumanne, 4 Machi
Nimefika kituoni. Mtaalamu mkuu ni mwanamke mfupi, mpole, wanamwita Mama Tetemeko. Ukuta mzima ni skrini na mistari. Mstari mmoja ukaruka. Akasema ardhi imetikisika sasa hivi mahali ambako kwao ni usiku wa manane. Chai kikombeni mwangu haikuchezacheza hata kidogo! Nikajikuta nimesimama wima kama niko mbele ya hakimu.
Akanionyesha picha ya chombo kilicholala sakafuni mwa bahari, gizani, peke yake, kikipima uzito wa maji yaliyo juu yake. Kinaliambia boya linaloelea juu, boya linaiambia setilaiti, setilaiti inamwambia yeye. Nikamuuliza tetemeko kubwa litapiga lini. Akasema hajui, wala hakuna ajuaye. Wanachojua ni kwamba likishapiga, mtikisiko hupita mwambani upesi kuliko wimbi majini. Tofauti hiyo ndiyo nafasi yetu ya kukimbia. Nilisisimka mwili mzima.
Nikitoka, nani yuko mlangoni? Muuza Sumu! Yule wa kipaza sauti cha “panya, mende, kunguni”, aliyepita katikati ya harusi ya mtoto wa mwalimu mkuu wakati nimefika penye machozi. Eti naye ana sauti.

Ijumaa, 7 Machi
Majaribio. Nilianza vizuri: “Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, wazazi wa pande zote mbili...” Watu walitoka majumbani. Walishuka ufukweni. Walipiga makofi! Babu mmoja akauliza chakula kinagawiwa wapi.
Mama Tetemeko akasema kwa upole kwamba hadi nilipofikia neno “maji”, maji yangekuwa yameshapanda ghorofani. Kisha wakamweka Muuza Sumu: “Maji yanakuja. Panda mlimani. Sasa.” Basi! Hakuna vina, hakuna mizani. Mtaa ukabaki mtupu. Wamempa kazi yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Haki haiombwi, inatafutwa. Fundi wa ving'ora anafuta sauti yangu ya majaribio, king'ora kimoja baada ya kingine. Nimemkuta Mtaa wa Chini, anakoishi mama mkwe. Nimemwahidi fundi kusherehesha harusi ya binti yake bure, kwa sharti hiki kimoja kibaki na sauti yangu. Akajikuna kichwa, akasema tsunami hata babu yake hakuiona, basi na kikae. Mama mkwe kila siku husema binti yake angeolewa na mhasibu. Sasa atanisikia!

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nilikwenda kituoni kumsihi Mama Tetemeko anipe walau king'ora cha akiba. Hakunisikia. Mistari ilikuwa imepagawa ukuta mzima. Tetemeko kubwa alfajiri, ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanangoja boya.
Boya likasema. Wimbi limepita juu ya kile chombo. Linakuja kwa kasi ya ndege, akasema, na huko kilindini halizidi urefu wa mkono. Meli inapitiwa chini na nahodha hamwagi chai. Litainuka likifika kwetu. Akaandika ubaoni: saa tano na robo. Niliitazama ile robo. Binadamu anajua saa ya bahari!
Ving'ora vikalia. Maji yanakuja. Panda mlimani. Sasa. Mji ukaanza kupanda. Halafu, kutoka Mtaa wa Chini, sauti tamu: “Mabibi na mabwana...”
Nikakimbilia huko.
Mtaa mzima umekaa vibarazani, unasikiliza. Mama mkwe yuko mbele, kwenye kigoda.
“Mama, maji! Twende juu!”
“Nyamaza, mwanangu, nasikiliza unavyosema. Leo umenikosha.”
Miaka yote hiyo, na sifa inakuja leo! Nilisimama nikasikiliza sentensi moja zaidi. Moja tu. Kisha nikapiga kelele, na sauti ikakauka kabisa. Yakabaki maneno mawili: “Maji! Juu! Maji! Juu!” Wakaniona uso, wakainuka. Nikambeba mama mkwe mgongoni. Kwenye ngazi za mlimani nikaangukia goti. Nikainuka naye.
Kutoka mlimani tuliona bahari ikirudi nyuma. Mawe ambayo jua halijawahi kuyaona yakatokea, meusi, yanameta. Kimya. Halafu ikarudi. Haikuwa na haraka. Ilipanda ukuta wa ufukweni, ikaingia Mtaa wa Chini, ikafungua milango yote kama mwenye nyumba. Nikatazama saa. Tano na robo!
Hakupotea mtu. Muuza Sumu alikuwa kando yangu. Tulishikana mikono, sijui nani alianza. Mama Tetemeko akapanda, akauliza king'ora cha Mtaa wa Chini nani alikiacha vile. Nikaitazama bahari. Ni kubwa sana, bahari.

Jumapili, 16 Machi
Tunazoa matope kwa mama mkwe. Goti linauma. Nimefikiri sana.
Hakuna ajuaye tetemeko litapiga lini, sawa. Lakini Alhamisi goti liliuma, na Alhamisi tetemeko lilipiga! Mke wangu anasema lilipiga alfajiri na mimi nilianguka baadaye. Huo ni mpangilio tu. Leo mchana goti limechoma upande wa ndani. Nimewaambia majirani wafungashe, tetemeko lijalo ni Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.
Kesho mapema naenda kituoni. Nafasi ukutani ipo. Waliunganishe goti langu na skrini.