Nilivyomtafutia Zuleka Mlezi wa Baleti

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Baridi. Manyunyu tangu alfajiri. Nimeuza matumbo tu. Lakini leo siandiki habari za bucha.

Binti yangu Zuleka amerudi kutoka Nkubu na habari kubwa. Mwalimu Regina atachagua mtoto mmoja Jumamosi. Mmoja tu! Atamlea mwaka mzima katika baleti, ile ngoma ya kusimama juu ya ncha za vidole. Atamfundisha peke yake, atakwenda naye kwenye maonyesho Nairobi, atampa yote aliyojifunza katika miaka ishirini na miwili ya kucheza kwenye majukwaa ya ng'ambo. Na ni mzaliwa wa Nkubu, huyu! Amerudi kwao na goti bovu na mgongo ambao haujui kuinama. Akipita sokoni, wauza viazi huacha kupima wakamtazama.

Zuleka ana miaka kumi na mitatu. Hali wala halali kwa ajili ya hiyo nafasi. Asipoipata sijui nitamtazamaje usoni.

Watoto wako kumi na wawili. Wa kuogopwa ni mmoja, Lorna, binti wa Ndambiri mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndambiri ameshajitolea kuweka vioo ukumbini. Mjanja! Mimi sina vioo. Nina nyama. Nimepeleka kilo mbili za maini.

Jumanne, 12 Agosti

Mlinzi wa ukumbi amenipigia simu kunishukuru kwa maini. Kilo zote mbili! Anasema Mwalimu alimpa, akamwambia zawadi za wazazi huishia getini.

Haidhuru. Mpango wa pili. Wiki ya tatu sasa watoto wanashika migongo ya viti na kukunja magoti. Chini, juu. Chini, juu. Nani atamwona Zuleka wangu hapo? Nikamwagiza leo aachie kiti, aruke, azunguke. Nikasimama dirishani kushuhudia. Akaruka. Akazunguka. Akamgonga Lorna, wakaanguka wote wawili pamoja na viti vitatu. Mwalimu hakupaza sauti. Alimrudisha kwenye kiti akakunje magoti mara mia.

Kisha Mwalimu akainua mkono kuwaonyesha. Mkono tu! Ulianzia begani, ukafika kidoleni polepole, na watoto wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Mimi pia. Nimekata nyama miaka thelathini, kiungo hakinipi taabu. Ule mkono sikuuelewa. Nilisahau kabisa kilichonipeleka. Sijamheshimu mtu namna hii tangu babu yangu afariki.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Kifundo cha mguu wa Zuleka kimevimba. Ni anguko la jana. Nimemkataza asimwambie Mwalimu hata neno. Achechemee akirudi nyumbani, kule atabasamu. Mama yake, Mwanarusi, amesema mimi ni mtu wa kufungiwa stoo. Zuleka alinigeukia. Siku hizi ananitazama kama Mwalimu wake, kidevu juu, bila haraka.

Sasa lazima nimalize kazi kabla ya Jumamosi. Zawadi huishia getini, sawa. Geti la ukumbi. Kwao nyumbani je?

Alhamisi, 14 Agosti

Ushindi! Asubuhi nilimuuliza mteja mmoja, mzee wa Kimeru, mtu akitaka kuiheshimu nyumba hapa hupeleka nini. Akasema kondoo jike na asali, tena kuna wakati wake, kwa sababu... Sikungoja amalize. Muda haungoji mtu. Nilichagua kondoo jike mnene, nikanunua kibuyu cha asali, nikafunga vyote kwenye pikipiki ya nyama, huyo Nkubu.

Kaka mkubwa wa Mwalimu, Mzee Kaimenyi, ndiye aliyenipokea. Nilipoteremsha kondoo, akaita watu wa ndani watoke. Nilipotoa asali, mama yao akapiga vigelegele. Vigelegele! Waliniuliza wazee wangu wako wapi. Nikasema nimekuja peke yangu, jambo langu nalisema mwenyewe. Wakatazamana, nadhani kwa heshima. Wakauliza kama Regina anajua. Nikasema bado, na ningependa asiambiwe mpaka Jumamosi. Mama akafuta machozi, akasema alikuwa ameshakata tamaa. Sikujua ya nini, lakini nilimfariji. Majirani walikuja kunisalimu mmoja mmoja. Watu wa Nkubu wana adabu sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwisha!

Ndambiri alifika buchani saa tatu, mbele ya wateja, mbele ya Mwanarusi, akanishika mkono kunipongeza kwa kumposa Mwalimu Regina. Kumbe! Kondoo jike na asali, kwa Wameru, ni mwanamume anabisha hodi kutaka mke. Nina miaka hamsini na miwili, nimezaliwa hapa hapa Majengo, mji wa Wameru, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mwanarusi anasema kila mtu anajua. Alikiweka kisu chini taratibu. Huo utaratibu ndio ulionitisha. Baada ya sala ya Ijumaa watu wanne wamenipa pole na mmoja hongera.

Alasiri akaja Mwalimu mwenyewe. Nilijificha nyuma ya paja la ng'ombe, miguu ikaonekana. Alimsalimu kwanza Mwanarusi kwa mikono miwili, akamwambia hana haja na bwana yake hata kidogo. Alisema "hata kidogo" mara mbili. Wakacheka mpaka Mwanarusi akashikilia meza. Mimi sikuona kichekesho.

Kisha akanigeukia, na kicheko kimekwisha. Akasema Zuleka alimweleza habari za mguu tangu Jumatano, kabla hajavua hata koti, na kwamba baba alikataza. Siku tatu hizi mtoto ameketi tu, anatazama wenzake, anaandika daftarini kila kosa linalosahihishwa. Mwalimu akasema yeye akiwa na miaka ishirini alificha maumivu ya goti, na hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia keti. Ndiyo sababu anataka kulea mtoto.

Nilimtazama mwanamke huyu, na goti lake, na nikaona haya. Haya ya kweli. Ilinikaa mpaka nikafunga bucha.

Jumamosi, 16 Agosti

Wazazi wote nje. Nilipanda kreti la soda, Ndambiri akapanda ndoo ya rangi, tukagawana dirisha moja.

Kumbe kuna mlezi wa pili! Vincent Nthiga wa Siakago, aliyecheza na Mwalimu huko ng'ambo miaka mingi. Naye amekuja kuchagua mtoto wake wa kumlea.

Zuleka hakuruhusiwa kusimama. Akacheza ameketi. Mguu mbovu juu ya mto, na mikono, shingo, macho vikacheza. Nilimwona mwanangu nikadhani ni mtu mwingine, mkubwa, anayejua kitu ambacho sikumfundisha mimi. Nililia hadharani. Ndambiri alinipa leso yake, inanuka tapentaini, nikaitumia hivyo hivyo.

Mwalimu amemchagua Zuleka. Alisema anamchukua kwa sababu anajua kuketi. Nthiga akamchukua Lorna. Mimi na Ndambiri tulikumbatiana tukaanguka kutoka dirishani.

Jumapili, 17 Agosti

Zuleka anashona riboni za viatu vyake mwenyewe, maana Mwalimu amesema mcheza baleti hashonewi. Anaimba. Nyumba nzima ina furaha. Mzee Kaimenyi ametuma salamu kwamba kondoo abaki kwao, kwa urafiki tu. Mwalimu ameniapisha nisikanyage ukumbini mpaka Desemba, wala nisipeleke kitu kwao tena. Nimeapa kwa moyo safi. Mtu hujifunza.

Lakini nimetafakari. Huyu Nthiga magoti yake yote mawili ni mazima. Bado anaruka! Lorna amepata mlezi anayeruka, na Ndambiri tangu jana anatembea kama mkuu wa wilaya. Kwa nini Zuleka asiwe na walezi wawili? Siakago haikutajwa katika kiapo.

Kosa langu pia nimelijua. Lilikuwa kondoo. Siakago ni nchi ya mbuzi. Kesho napeleka mbuzi wawili wazuri na asali kwa mama yake Nthiga, na safari hii nimeulizia kila kitu mapema. Nthiga mwenyewe hashindi nyumbani mchana, lakini ana dada watatu, hawajaolewa hata mmoja, wote wapo pale pale. Vizuri sana. Mtu wa kunipokea hatakosekana.